Hiace ya kulala, awamu ya pili: kufuli nyingi, funguo nyingi

2 Juni, Chumbageni, Tanga

Awamu ya kwanza ya kuigeuza Hiace yetu iwe gari la kulala imekwisha. Kitanda kimekaa, sinki limekaa, paneli ya sola iko juu ya paa, na mama watoto ameshona pazia za khanga ambazo sijapata ujasiri wa kumwambia zinapitisha mwanga. Gari lenyewe ni Hiace ya zamani ya dizeli, injini ya aina ya 3L, iliyowahi kuwa kipanya. Ukiliosha na jua likalipiga ubavuni, mstari wa ruti bado unajitokeza chini ya rangi nyeupe.

Sasa ni awamu ya wizi. Nimeikwepa miezi miwili kwa sababu haina picha za kuonyesha watu. Gari la kawaida likivunjwa, mwenyewe hupoteza redio na miwani. Hili likivunjwa tunapoteza godoro, nguo, jiko, kadi ya kliniki ya mdogo, na betri ya lithiamu niliyoidundulizia karibu mwaka mzima. Usiku tunakuwemo ndani na sisi.

Leo jioni nimeshinda uani nikijifanya kibaka. Mkubwa alishika simu ya kuhesabu sekunde. Nilianza na vile vioo vya pembeni vya kuteleza, ambavyo kila aliyewahi kupanda kipanya anavijua. Nikakata kipande cha chupa ya maji, nikakiingiza kwenye mpira, nikasukuma kile kikomeo cha plastiki. Sekunde 14. Nikaenda mlango wa buti na bisibisi, sikuihitaji: kitasa kimeliwa na miaka, na ufunguo wa Corolla ya jirani ulikizungusha mara ya tatu ya kujaribu. Jirani alicheka, kisha akanyamaza, nadhani akiiwazia Corolla yake.

Tairi ya akiba iko chini ya buti, inateremshwa kwa mnyororo wake ukiwa na spana ya tairi. Sikuhangaika kupima. Paneli ya sola imefungwa kwa boliti nne za namba 13, spana ambayo hata muuza matunda anayo. Kifuniko cha tenki la dizeli hakina ufunguo.

Mkubwa ameandika matokeo kwenye daftari la hesabu, na chini yake ameongeza: "Baba angekuwa mwizi tungekuwa matajiri."

9 Juni, Ngamiani

Nimezunguka maduka ya vifaa barabara ya nane hadi ya kumi na mbili. Nimenunua makufuli mawili makubwa ya buti, moja la mlango wa ubavuni, la mnyororo wa tairi, la sanduku la betri, la usukani, na vile vitasa vidogo vya kuzungusha vya makabati, vinne, kwa ajili ya droo na kisanduku cha nje cha bomba la maji.

Nyumbani nikaona ajabu. Funguo za vitasa vyote vinne zimepigwa namba moja. Nikachukua ufunguo wa droo ya meza yangu ya kazini, wa miaka mingi, wa kampuni nyingine kabisa, nikajaribu. Ukafungua vitatu, cha nne ukakitikisa.

Nilipotafuta nikakuta wenzetu wa Marekani wameishi na jambo hili zamani. Magari yao ya kulala yanayotoka kiwandani, makubwa kama mabasi, kwa miaka mingi yamewekwa makabati ya nje yenye ufunguo wa namba CH751. Ufunguo huohuo mmoja, kampuni baada ya kampuni, na unauzwa wazi dukani. Mtu ananunua gari la bei ya nyumba, kisha jirani yake wa kambini anaweza kumfungulia kabati kwa ufunguo wake mwenyewe bila hata kujua amekosea gari. Wanaojua hung'oa vile vitasa siku ya kwanza.

Nimevirudisha. Mwenye duka, mzee wa makamo, hakuona tatizo. "Yakhe, hicho cha kuzuia watoto wasile sukari. Mwizi mtafutie kingine." Kweli kabisa, ila angeniambia jana.

Makufuli pia yana somo lake huku pwani. Ninaye ndugu anayekaa Raskazone, nyumba inatazama bahari, na kila kufuli la chuma alilowahi kuweka getini limeshikana ndani ya mwaka. Upepo wa kusi unaleta chumvi usiku kucha. Nje ya gari nimeweka ya shaba, ambayo msumeno unaiingia haraka lakini haioti kutu, na ndani, pasipofika chumvi nyingi, ndipo nimeweka ya chuma kigumu. Bi mkubwa amependekeza niyapake mafuta ya nazi. Nampenda mama yangu, ila nayakumbuka mafuta ya nazi kwenye cherehani yake: yaliganda na vumbi mpaka fundi akaipasha moto. Nimeweka unga wa risasi ya penseli. Nimekwangua penseli mbili za mkubwa. Ameniandika tena kwenye daftari.

16 Juni, kwa fundi wa kuchomelea, Sahare

Hapa nilitaka kulimaliza jambo kwa siku moja. Fundi amekata nondo za milimita 10, akazichomelea kwenye fremu za engo, tukapanga kuzipachika kwenye vioo vyote vya pembeni na cha nyuma. Buti tukalitia mabamba mawili mazito ya kufuli, moja kulia moja kushoto, chini kabisa karibu na bampa ili mtaimbo usipate pa kukita. Fundi alijivunia. Akalipiga teke, akasema kibaka ndiye waja leo waondoka leo wa kweli, huyu akija ataondoka mikono mitupu.

Mama watoto alikuja saa kumi na chai ya chupa. Akaingia, akakaa kitandani, akatazama kushoto, kulia, nyuma. Akauliza: "Baba, moto ukiwaka hapo kwenye jiko, mimi na watoto tunatokea wapi?"

Jiko liko pembeni mwa mlango wa kuburuza. Buti limefungwa kwa nje kwa makufuli mawili. Vioo vina nondo. Milango ya mbele unaifikia kwa kupanda juu ya kabati la friji. Fundi akaanza kukuna kichwa, nami nikawa naangalia chai.

Tukazitoa. Fremu zote sita ziko ukutani kwake, anasema atazigeuza mabanda ya kuku. Fedha ya nondo imekwenda. Kilichobaki kwenye vioo ni kipande cha mbao ngumu kilichokatwa kwa kipimo na kulazwa kwenye reli, kioo kisiteleze. Ukikinyanyua kwa kidole kinatoka. Kibaka akitaka kuingia itabidi avunje kioo, na kioo kina kelele.

Kwa kuwa tulikuwa kwenye habari za moto, tukatoboa pia tundu sakafuni chini ya mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenye dirisha, inashuka na kujikusanya chini kama maji, ikingoja cheche. Tundu lina wavu wa panya. Si kazi ya ulinzi wa wizi, lakini naiandika hapa kwa sababu ilizaliwa na swali lile.

Mabamba mawili ya buti yamebaki. Nilisema mambo ya kulifungua kwa ndani tutayaona baadaye. Nakumbuka nilisema hivyo.

23 Juni, fundi umeme

Hii ndiyo siku iliyonifurahisha kuliko zote.

Fundi umeme wa magari alifungua boneti akasema nina bahati, gari langu halina kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ya kuibwa. Kwenye magari mapya ya mjini ndicho kitu cha kwanza kung'olewa, maana ni kidogo, ni ghali, na gari haliwaki bila hicho. 3L haina habari hizo. Pampu yake ya dizeli ni ya kizamani, ina waya mmoja tu wa maana: unaoleta umeme kwenye solenoidi ya kuruhusu mafuta. Ukiwasha swichi ya ufunguo, solenoidi inagonga "ta", mafuta yanapita. Ukizima, inafunga, injini inakufa.

Tukaukata waya ule, tukaupitisha kwenye swichi ndogo iliyofichwa. Mahali sitaji, hata mama watoto alinikonyeza nisiseme mbele ya fundi wa rangi. Swichi ikiwa imezimwa, starta inazungusha kwa nguvu zote, injini inakohoa kidogo, haiwaki. Uzuri wake ni kwamba mwizi hajui kama amezuiwa. Anadhani amekutana na gari bovu, na magari mabovu ya umri huu hayamshangazi mtu.

Fundi mwenyewe akaniambia udhaifu wake kabla sijauliza: anayezijua dizeli za zamani atafungua boneti, atavuta waya mmoja kutoka betri mpaka kwenye solenoidi, ataondoka. Kwa hiyo tumekifunika kichwa cha solenoidi kwa bati lililokunjwa na kufungwa boliti za kuvunjika shingo, zile ambazo ukizikaza hadi mwisho kichwa kinakatika na spana haina tena pa kushika. Boliti hizohizo ndizo nilizofungia paneli ya sola. Siku nikitaka kuitoa nitalia mwenyewe.

Tumeweka pia kifaa cha GPS cha kufuatilia gari. Laini ya simu iliyomo ndani nimeisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA kama laini yoyote, ina kifurushi kidogo, na kifaa kina betri yake ndogo ya ndani endapo betri ya gari itakatwa. Ukikitumia ujumbe kinajibu na ramani. Mama watoto amekipenda upesi mno. Saa tano usiku nimepigiwa simu kuulizwa barabara ya kumi na nane nafanya nini. Nilikuwa nakula mishikaki.

Kifaa kilikuja na rilei ya kuzima injini ukiwa mbali, kwa simu. Niliikataa, fundi akashangaa. Sababu ni hii: kwenye injini hii pampu ya upepo wa breki iko nyuma ya alteneta. Injini ikizimika, baada ya kukanyaga mara mbili tatu breki inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Sasa fikiria mtoto amechezea simu yangu, au mtandao umeleta ujumbe wa jana leo, na mimi nashuka kona za Lushoto. Mwizi achukue gari, simtakii mtu yeyote hayo.

30 Juni

Mambo madogo. Namba ya gari imechorwa kwenye vioo vya madirisha yote, kwenye vioo vya kutazamia nyuma na kwenye taa, ya kudumu. Haizuii kuvunja, ila kioo chenye namba ya mtu hakiuziki kirahisi. Bima nimeipandisha kutoka ndogo kwenda kubwa. Ile ndogo inamlipa niliyemgonga, gari langu likiibwa haina neno na mimi. Kadi ya gari imehamia kabatini kwa bi mkubwa, ndani ya gari ipo kopi tu. Mnyororo wa tairi ya akiba una kufuli. Kifuniko cha tenki kina ufunguo.

Nimehesabu: pete yangu ina funguo kumi na moja.

14 Julai, njiani kwenda Lushoto

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango, watoto wamelala.

Tuliondoka Tanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muheza tukanunua machungwa, gunia zima, kwa sababu mama watoto hawezi kupita Muheza kama mtu wa kawaida. Gunia likaingia nyuma, kwenye buti, juu ya mtungi. Hale, Segera, tukakunja kulia kuelekea Korogwe. Kabla ya kuufikia mji tukasimama kwenye vibanda vya kando ya barabara kupata chai na maandazi.

Mdogo akataka chungwa. Mama watoto akaenda buti. Kulifungua buti lile ni kazi: unapiga magoti, unafungua kufuli la kulia, unahamia la kushoto, unalinyanyua buti kwa mkono mmoja na makufuli yako mkononi mwingine. Kulifunga ni zaidi, maana mabamba hayakutani mpaka uliegemee kwa goti. Alitoa machungwa, akalishusha buti, akayatundika makufuli kwenye pete zake bila kuyabana. Alijua tutakunywa chai dakika kumi. Mimi nilimwona. Nami nilijua tutakunywa chai dakika kumi.

Akaja kijana, msafi, heshima zote. "Shikamoo mzee. Tairi lako la mbele hili lina msumari, nimeusikia ukilia ulipoingia." Nikainuka, nikaenda mbele, nikachuchumaa. Akaja naye akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole katikati ya tredi. Kulikuwa na kokoto. Nikaitoa kwa bisibisi, akanipongeza, akaniambia niwe makini na barabara hii, akaenda zake. Mama watoto alikuwa amesimama upande wangu na mdogo kiunoni, anaangalia kokoto. Mkubwa anaangalia kokoto. Hata mama muuza chai aliegemea meza kuiangalia.

Tulipoanza kuondoka ndipo gunia la machungwa likadondoka, kwa sababu lilichokuwa limekikalia hakikuwepo. Mtungi wa kilo 6 na regeleta yake. Na mkoba wa nguo za mdogo. Makufuli mawili ya shaba yalikuwa bado kwenye pete, yananing'inia kama hereni.

Tulikwenda polisi tukapewa RB, namba ya taarifa ya polisi, kwa sababu bila hiyo huna la kuanzia na watu wa bima, ingawa kwa mtungi mmoja sidhani kama nitasumbuka. Kifaa cha GPS muda wote huo kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana. Kilionyesha gari liko pale lilipo.

15 Julai, Lushoto

Kona zote kutoka Mombo, kilomita 33 za kupanda, hatukusemeshana sana. Mtandao unapotea na kurudi. Kwenye ramani ya simu ya bi mkubwa gari lilikwama Mombo saa nzima, akapiga simu akilia.

Tumeegesha uani kwa shemeji. Julai huku juu ni baridi ya makoti. Tulipowasimulia yaliyotupata, shemeji akasema tushukuru, yapo mabaya zaidi: kuna watu hulala kwenye magari wakapuliziwa dawa, nusu kaputi, wakaamka saa nne asubuhi wamebaki na chupi. Jirani yake naye anamjua mtu aliyetokewa. Kila mtu anamjua mtu.

Nilikuwa nimeisoma habari hii, kwa sababu Ulaya nako wenye magari ya kulala wanasimuliana hivyohivyo, neno kwa neno, Ufaransa na Hispania. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Nusu Kaputi cha Uingereza kiliulizwa na kikajibu. Etha inanuka vikali kiasi cha kumwamsha aliyelala, inahitajika nyingi mno kulijaza gari, na ni ya kuwaka moto. Dawa za kisasa ni ghali mno kwa mwizi wa kawaida. Wakaongeza kwa kejeli ya kidaktari kwamba kama wezi wangekuwa na dawa ya bei rahisi, isiyonuka, isiyoua na ya kulaza familia nzima salama, wao wenyewe wangeitaka hospitalini.

Shemeji hakuridhika. "Sasa mbona waliamka saa nne?" Nikamwambia mtu aliyeendesha siku nzima na kula ugali wa usiku analala mpaka saa nne bila kupuliziwa. Akasema mimi nimesoma sana.

Kilichonisumbua ni kwamba baada ya mazungumzo hayo akataka kutuingizia jiko la mkaa garini tupate joto. Hapo nilisema hapana kwa sauti. Moshi wa mkaa unaoonekana siuogopi. Naiogopa ile kaboni monoksaidi isiyo rangi wala harufu, ambayo ndani ya gari lililofungwa vioo inawalaza watu wasiamke kabisa. Tumepewa mablanketi mawili mazito.

Usiku mama watoto akasema, gizani: "Kosa si langu peke yangu." Nikamwambia najua. Akasema: "Kufuli lile halifungiki." Hilo nalo ni kweli, na ndilo nimelilalia.

28 Julai, Tanga

Nimerudi Sahare. Nimemwambia fundi tuanze upya, na sharti moja: kama kufunga kunamtaka mama watoto apige magoti, hatuweki.

Mabamba ya buti yamekatwa kwa grenda. Badala yake buti lina komeo la ndani, chuma cha pua, linalofika kitandani. Ukilala unalifikia kwa mkono wa kushoto bila kuinuka. Kwa nje buti halifunguki tena kabisa. Ukitaka chungwa unapitia ndani. Na moto ukiwaka, unavuta komeo, unalisukuma buti kwa miguu.

Milango ya mbele nayo inafungwa kwa ndani. Nimeiga ya Ulaya: wenye magari ya kulala kule wanajua milango ya dereva ndiyo dhaifu, wanapitisha mkanda wa mizigo kutoka mshikio wa mlango mmoja hadi wa pili, ukivuta huu unavutana na ule. Wangu una kifungio cha mkanda wa kiti, kidole kimoja kinaufungua.

Hivyo umebaki mlango mmoja wa kutokea na kufungia: wa kuburuza. Huo una bamba lenye kinga ya chuma kuzunguka kufuli, liko usawa wa kifua, na kufuli lake linajibana lenyewe bila ufunguo. Kitasa cha zamani nacho kimebadilishwa. Mkubwa amepima: kushuka na kufunga, sekunde 6, mkono mmoja, mwingine umebeba ndoo.

Mama watoto akaona jingine. Bamba likiwa nje na sisi tumelala ndani, mpita njia mwenye utani mbaya anaweza kulikunja na kutia kufuli lake, akatufungia. Jibu lake amelitoa mwenyewe: tukiingia kulala, kufuli letu tunalibana kwenye pete peke yake, bila bamba. Pete ikishakaliwa, bamba haliwezi kulala juu yake.

Pete yangu ya funguo sasa ina tatu. Mtungi mpya umehamia katikati, sehemu isiyoonekana ukiwa nje, na tundu la sakafuni limehama nao.

11 Agosti, Pangani

Tumepita njia ya Tongoni, tukawaonyesha watoto magofu ya msikiti na makaburi ya kale, mchana tukala samaki, jioni tukaomba kulala uani kwa nyumba ya wageni. Hatukuwa na haja ya chumba, ila nimeona bora kumlipa mtu mwenye uzio na mlinzi kuliko kulala ufukweni peke yetu, hata kama ufukwe ni mzuri kiasi hiki. Nililirudisha gari kinyumenyume, ubavu wa mlango ukaelekea kibanda cha mlinzi, pua ikaelekea geti.

Mlinzi ni babu wa umri wa baba yangu. Nilimwamkia, nikampelekea chai, nikamwambia tuko wangapi, tunatoka saa ngapi na kwamba mdogo hulia usiku. Akauliza kwetu wapi, akatafuta ukoo, akaupata upande wa mama.

Mama watoto ana kengele yake: kikombe cha bati chenye kijiko ndani, kinawekwa ukingoni mwa kabati kikiegemea mlango wa kuburuza. Mimi nilikuwa nimeleta king'ora cha betri, kinalia kila kuku akipita. Kimerudi kwenye boksi.

Saa tisa usiku kikombe kikaanguka.

Moyo ulinipanda mpaka masikioni. Mlango ulikuwa umesogea kiasi cha kiganja, na mwanga wa tochi unaingia. Nikashika spana ya tairi. Mama watoto tayari mkono uko kwenye komeo la buti.

"Ni mimi, mwanangu," sauti ya babu. "Kila saa najaribu milango ya magari yote. Wako umefunguka."

Nilitoka tukaangalia kwa tochi yake. Komeo la ndani la mlango wa kuburuza lilikuwa limesukumwa, nililisukuma mwenyewe, nililisikia likigonga. Lakini mchanga wa ufukweni umejaa kwenye reli ya chini, mlango haukufika mwisho, na komeo likagonga ukingo wa tundu badala ya kuingia. Limekaa pale kwa kuegemea tu. Babu akaligusa kwa ncha ya kidole, likarudi.

Akakataa fedha. Akaomba machungwa kama yapo.

18 Agosti, Tanga

Tundu la komeo nimelitanua kwa tupa milimita 8 kuelekea nje, na ncha ya komeo nimeichonga iwe kama kabari, ili hata mlango usipofika mwisho iuvute. Nimepaka rangi nyekundu sehemu ya komeo ambayo haitakiwi kuonekana: ukiona wekundu, haujafunga. Brashi ya reli imetundikwa mlangoni.

Tumejaribu mara kumi, na mchanga tumeumwaga kwa makusudi. Mara tisa limeingia. Ya kumi wekundu ulionekana, mdogo akapiga kelele "nyekundu!" kabla yangu.

Yaliyobaki: kubadilisha pazia za khanga, kazi ambayo mama watoto ameshaigundua na amekasirika kidogo. Kifuniko cha tenki kinavuja kwenye kona. Na paneli ya sola ina waya umelegea, ambao siwezi kuufikia bila kuitoa paneli, na boliti zake hazina vichwa.